Mizigo Hupigwa Picha Kipawa: Na Kifua cha Mchukuzi Je?

Kila apitaye Barabara ya Nyerere, ile iliyokuwa ikiitwa Barabara ya Pugu, akafika Kipawa, huuona uwanja mkubwa wa ndege wa Dar es Salaam. Tangu mwaka 2019 lipo hapo Jengo la Tatu la Abiria, na hakuna sanduku wala kifurushi cha msafiri kinachopandishwa ndege pasipo kupita katika mashine ya eksirei. Mzigo hulazwa juu ya mkanda, mkanda huuvuta ndani ya mashine, na kabla mwenyewe hajamaliza kuvaa mshipi wake, mlinzi amekwisha kuona yaliyomo: viatu, chupa, zawadi za watoto, na hata sarafu iliyosahauliwa katika mfuko wa koti.

Sasa tuwatazame watu wanaoishi na kufanya kazi kuzunguka uwanja huo. Wako wachukuzi na wafagizi, wako madereva na mafundi wa gereji, wako vibarua wa viwanda na maghala yaliyopangana kandokando ya barabara, na wako akina mama wanaoamka alfajiri kuwapikia wote hao. Si ajabu kumkuta miongoni mwao mtu mwenye umri wa miaka arobaini ambaye kifua chake hakijapigwa picha hata mara moja. Begi la msafiri huchunguzwa kwa ajili ya safari ya nusu saa kwenda Unguja. Aliyelibeba hukohoa miezi miwili, naye hununua dawa ya kikohozi dukani na kurudi kazini.

Hatuyasemi haya kwa kumlaumu mtu. Ulinzi wa ndege ni jambo la lazima, na anayeulegeza hucheza na roho za watu. Tunayasema kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba chombo cha kukipiga picha kifua cha mfanyakazi pale pale alipo, bila kumpeleka hospitali kubwa, kimekwisha kupatikana duniani. Ya pili, ambayo ndiyo hasa maudhui yetu leo, ni kwamba chombo hicho kikielekezwa vibaya huleta hasara iliyo mbaya kuliko kukosa picha kabisa, maana humwambia mgonjwa kwamba yu mzima.

MASHINE KUMFUATA MTU

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen katika mji wa Würzburg mwezi Novemba 1895, na mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mke wake, mifupa ikaonekana na pete kidoleni. Haikupita miaka 20 kabla watu hawajatambua kwamba mashine hiyo haifai kumngoja mgonjwa. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Marie Curie, yule mwanamke mwanasayansi wa Ufaransa aliyezaliwa Poland, alitafuta magari, akayafunga mashine za eksirei zilizopata umeme kutoka kwa injini ya gari lenyewe, akayapeleka karibu na uwanja wa mapigano ili madaktari waone risasi zimekaa wapi katika miili ya askari. Lakini hakutosheka na magari. Alifundisha pia wanawake wapatao 150 kazi ya kuzitumia mashine hizo. Aliielewa mapema kanuni ambayo wengi wangali wanaisahau: anayenunua mashine bila kufundisha watu amenunua chuma.

Hapa kwetu habari hii si ngeni. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na kwa miaka mingi mgonjwa ndiye aliyesafiri kuifuata. Mwaka 2012 Tanzania ilipofanya uchunguzi wake wa kwanza wa kitaifa wa kuhesabu wagonjwa wa kifua kikuu, mambo yaligeuzwa: mashine za eksirei zilisafirishwa mpaka katika maeneo yaliyochaguliwa, watu wakapigwa picha karibu na makwao. Leo zipo mashine ndogo zenye uzito wa kilo 3.5, yaani uzito wa mtoto mchanga. Hutumia betri, huingia katika mkoba, na picha yake hutokea katika kompyuta baada ya sekunde chache pasipo filamu wala chumba cha giza.

Shida ya kuibeba mashine, basi, imekwisha. Iliyobaki ni shida ya kuielekeza, na hiyo haikupungua kwa sababu mashine imekuwa ndogo. Bali imeongezeka.

KWA NINI IMEONGEZEKA

Turudi kidogo katika uwanja wa ndege. Pale mashine imesimama mahali pamoja, na mkanda huuleta kila mzigo kwa njia ile ile na kwa umbali ule ule. Sanduku halivuti pumzi, halina mabega, wala halioni haya. Katika chumba cha eksirei cha hospitali kubwa mambo hukaribiana na hayo: mashine imening'inizwa katika reli za dari, kibao cha kuegemea kifua kimefungwa ukutani, na alama za umbali zimechorwa. Mtaalamu huyakuta leo kama alivyoyaacha jana.

Lakini ichukue mashine ya kubebwa uiweke katika ofisi ya kata au chini ya turubai katika kiwanja cha kiwanda. Sakafu ina mteremko. Bamba linalopokea picha limeegemezwa juu ya stendi iliyosimamishwa asubuhi ile ile. Mtu wa kwanza ni mrefu, wa pili ni mfupi, wa tatu ni mzee asiyeweza kusimama wima. Jua ni kali, hata ule mraba wa taa ambao mashine huutupa juu ya mwili kuonyesha mahali mionzi itakapopita hauonekani vizuri. Na nje pana foleni ya watu wanaotaka kurudi kazini. Hapo ndipo jicho la mtaalamu, hata liwe zuri namna gani, huanza kuchoka.

Msomaji atauliza: kosa dogo la kuelekeza lina ubaya gani? Tufanye hesabu. Tuseme mashine iko sentimita 180 kutoka kwenye bamba, umbali unaopendekezwa kwa picha ya kifua cha mtu aliyesimama. Ikiinama kwa nyuzi 5 tu, kiasi ambacho jicho tupu laweza kukikosa, kitovu cha mionzi husogea kwa sentimita 16 hivi. Bamba la kawaida lina upana wa sentimita 35 na urefu wa sentimita 43. Basi sentimita 16 si jambo la kupuuza: zatosha kuliacha nje ya picha eneo zima la pafu.

Na eneo gani? Kwa watu wazima walio wengi kifua kikuu hupenda kuanzia katika sehemu za juu za mapafu, kule kwenye ncha zilizojificha nyuma ya mitulinga. Mashine ikielekezwa chini kupita kiasi, ncha hizo hukatwa. Mtu akisimama kiupande kidogo, pafu moja huonekana jeusi na jingine jeupe, na msomaji wa picha hudhani ameona ugonjwa au hudhani hakuuona. Mabega yasiposukumwa mbele, mifupa bapa ya mabega hufunika mapafu. Pumzi isipovutwa mpaka mwisho, mapafu hujikunja na moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Hata upande ambao mionzi huingilia una maana yake: ikiingilia kifuani na bamba likawa mgongoni, kama afanyiwavyo mgonjwa wa kitandani, moyo hutanuka katika picha kwa sababu uko mbali na bamba, mfano wa kivuli cha mkono kinavyokua mkono unapoikaribia taa.

Umbali nao una sheria yake. Nguvu ya mionzi hupungua kwa kadiri ya umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Mtaalamu aliyepima sentimita 100 kwa kitanda, kumbe amesimama kwenye 120, amepoteza kiasi cha asilimia 30 ya mionzi aliyoitegemea. Picha hutoka yenye chengachenga, naye hulazimika kupiga tena.

Kupiga tena si dhambi, wala hatutaki kuwatisha watu. Picha moja ya kifua humpa mtu mionzi ya kiasi cha milisiverti 0.02, na binadamu hupokea kwa wastani milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka katika ardhi, anga, hewa na chakula. Picha moja, kwa hiyo, ni sawa na siku tatu za kuishi duniani. Lakini kila picha ya bure ni mionzi isiyo na faida, ni betri iliyokwisha kabla ya jioni, ni dakika zilizoibwa kutoka kwa mtu wa mwisho katika foleni. Na mtaalamu anayesimama karibu na mashine siku nenda siku rudi hujumlishiwa yote hayo katika mwili wake.

TIMAZI YA FUNDI

Hapa ndipo kamera inapoingia. Fundi mwashi hajengi ukuta kwa kukisia. Anayo timazi, uzi wenye uzito unaomwonyesha wima, na anayo pima maji inayomwonyesha usawa. Jicho lake ni zuri, lakini halijivuni. Kamera ya kuongoza eksirei ndiyo timazi ya mtaalamu wa mionzi.

Kamera hiyo hufungwa kando ya kichwa cha mashine, mahali mionzi inapotokea, nayo humtazama mtu wakati wote anapoandaliwa. Katika kioo cha kompyuta mtaalamu huona kifua cha mtu, na juu yake mraba umechorwa kuonyesha mahali mionzi itakapopita, hata kama jua limeumeza mraba wa taa. Baadhi ya kamera zina macho mawili kama binadamu, na kwa kulinganisha yaonwayo na kila jicho huweza kupima umbali. Nyingine hutupa mwanga usioonekana na kupima muda unaotumika kurudi. Kwa njia hiyo mashine hujua kama mtu yuko sentimita 100 au 120. Bamba likiwa na alama katika pembe zake, kamera huzisoma na kutambua kama limeinama au limezunguka. Na pale mwili wa mtu unapozificha alama hizo, vipimo vya mwinamo vilivyowekwa ndani ya bamba na ndani ya mashine huipa kompyuta habari hiyo. Nyuzi 5 ambazo jicho lilizikosa huandikwa kwa tarakimu.

Faida yake huonekana zaidi pale panapotumiwa kichujio, yaani bamba jembamba la vipande vya madini ya risasi ambalo huwekwa mbele ya bamba la picha ili kuzuia mionzi iliyotawanyika ndani ya mwili. Vipande hivyo vimepangwa kama mbao za dirisha. Mionzi ikija sawasawa hupita. Ikija upande huzuiwa hata ile njema, na nusu ya picha hufifia. Kamera humwonya mtaalamu kabla hajabonyeza kitufe, wala si baada ya kuharibika kwa picha.

Vyombo vya namna hii vimekwisha kuingia katika baadhi ya mashine za vyumbani na zile za magurudumu zinazosukumwa hadi kitandani kwa mgonjwa. Kanuni yake ni ile ile kwa mashine ya mkoba, na kwa maoni yetu mashine ya mkoba ndiyo inayoihitaji zaidi, kwa kuwa ndiyo isiyo na reli, isiyo na ukuta wake, na isiyo na sakafu ya kuaminika.

Jambo hili limekuwa na uzito mpya tangu Machi 2021, Shirika la Afya Duniani liliporuhusu programu za kompyuta zisome picha za kifua za watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi katika kutafuta kifua kikuu, hata mahali pasipo na daktari wa kuzisoma. Programu hutoa alama. Mwenye alama ya kutiliwa shaka huombwa makohozi yapimwe, maana picha peke yake haimhukumu mtu. Ni msaada mkubwa kwa nchi yenye madaktari wachache wa picha. Lakini kompyuta husoma ilicholetewa. Daktari mzoefu akiona ncha za mapafu zimekatwa husema, “Mrudisheni mtu huyu.” Programu isiyofundishwa kulitambua kosa hilo yaweza kutoa alama ya amani kwa picha iliyo pungufu. Kadiri tunavyoipa kompyuta kazi ya kusoma, ndivyo inavyotupasa kuwa wakali katika kupiga.

KAMERA NAYO HUKOSEA

Tusije tukaondoa imani yetu katika jicho na kuitia yote katika kamera. Kamera huona ngozi na nguo, haioni pafu. Haijui kama mtu amevuta pumzi au ameishika nusu. Haioni hirizi wala mkufu chini ya shati. Khanga iliyojikunja yaweza kuifanya idhani bega liko mahali lisipo. Ikipata vumbi katika kioo chake, au mwanga mkali ukiingia kwa upande kupitia bati lililotoboka, hukosea kama sisi tunavyokosea.

Na liko kosa lililo katika umbo lake lenyewe. Kamera haikai pale pale mionzi inapotokea, bali kando yake kidogo. Kwa hiyo huyatazama mambo kwa upande. Kompyuta hulisahihisha jambo hilo kwa hesabu, lakini hesabu hiyo ni ya kweli maadamu kamera haijasogea. Mashine ya mkoba hupanda bodaboda, hupita katika mashimo ya njia za Karakata, huangushwa na kuokotwa. Kamera ikisogea kiasi cha ukucha, mraba unaoonekana kiooni si mraba wa mionzi tena, na mtaalamu anayeuamini hupotoka kwa utulivu kuliko yule asiye na kamera.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji fedha nyingi. Weka bamba tupu, panga sarafu nne katika pembe nne za mraba ulioonyeshwa na kamera, waondoe watu wote, piga picha. Sarafu zikionekana penye pembe za picha, endelea na kazi. Zikipishana, simama. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba tofauti isizidi asilimia 2 ya umbali, yaani sentimita 2 kwa kila sentimita 100. Jaribio hili huchukua dakika chache. Lifanywe kila mashine inapohamishwa, na matokeo yaandikwe katika daftari lenye tarehe na jina la aliyelifanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka picha ya kweli asione uvivu kuinama na kupanga sarafu.

WATU NDIO MSINGI

Kutokana na hayo yote twaona kwamba kamera haimpunguzii mtaalamu elimu, humwongezea wajibu. Yeye ndiye anayemwambia mzee ashushe kidevu, asukume mabega mbele, avute pumzi na kuizuia. Yeye ndiye anayejua kwamba mashine nyepesi ni bora isimame juu ya stendi ya miguu mitatu kuliko kushikwa mkononi, na kwamba hapafai kuwa na mtu yeyote nyuma ya bamba, hata kama ni mtoto anayechungulia. Nchini Tanzania matumizi ya mionzi yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki kwa sheria ya mwaka 2003, na mashine ya mkoba ni mashine ya mionzi kama ile ya hospitali. Udogo wake si leseni. Asitokee mfanyabiashara wa kuizungusha mitaani kama mashine ya kutoa nakala za karatasi.

Kisha kuna ufundi wa kuitunza. Tumekwisha kuona mara nyingi mashine nzuri ikipokewa kwa ngoma na hotuba, na baada ya mwaka mmoja ikawa meza ya kuwekea mafaili kwa sababu kifaa kimoja kimekufa na fundi yuko ng'ambo. Kipawa hakina sababu ya kuikubali aibu hiyo. Katika kata hiyo hiyo kipo chuo cha VETA cha TEHAMA, ambapo vijana hujifunza kompyuta na elektroniki. Hatusemi kwamba kijana aliyemaliza kozi jana afungue mashine ya mionzi leo. Kazi hiyo ina watu wake wenye idhini. Lakini betri, nyaya, stendi, kamera, mtandao wa kupeleka picha hospitali: hayo yote yamo katika ufundi ambao vijana wetu wanaweza kuongezewa. Mikataba ya kununua mashine iandike wazi kwamba muuzaji atafundisha mafundi wa hapa, ataleta vipuri, na ataacha vitabu vya maelezo vinavyosomeka.

KAMERA NA HESHIMA YA MTU

Liko jambo jingine ambalo wafanyakazi watalielewa upesi kuliko wataalamu. Kamera ni kamera. Inamtazama mtu aliyevua shati, nayo humtazama mwanamke aliyejifunga khanga tu. Lazima ijulikane picha hiyo ya kamera inakwenda wapi. Kwa kazi ya kuelekeza mionzi haihitajiwi kuhifadhiwa. Yatosha ionekane kiooni kisha ifutike. Pawe na pazia, pawe na mhudumu mwanamke kwa wanawake, na kila mtu aelezwe kabla kwamba iko kamera na kazi yake ni ipi. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazostahili ulinzi mkubwa.

Na matokeo je? Hapa ndipo penye hofu ya kweli. Kibarua anayelipwa kwa siku hujiuliza: wakiniona na ugonjwa, kesho nitaitwa kazini? Hofu hiyo humfanya ajifiche siku ya mashine, na anayejificha ndiye tuliyemtafuta. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya zao. Shabaha yake ni kuwalinda, si kuwachuja kama mahindi. Kwa hiyo majibu apewe mwenyewe na wahudumu wa afya, wala yasisomwe na msimamizi wa zamu. Mwajiri mwenye akili atafahamu faida yake: mgonjwa mmoja wa kifua kikuu asiyejulikana katika ghala lisilo na madirisha ni hatari kwa zamu nzima, lakini mgonjwa aliyejulikana na kuanza dawa kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya muda mfupi, na hurudi kazini akiwa na nguvu.

Matibabu ya kifua kikuu nchini Tanzania ni bure, na kwa ugonjwa wa kawaida dawa humezwa kwa muda wa miezi 6. Dawa, basi, ipo. Kinachokosekana ni kumpata mtu mapema.

HASARA YA PICHA MOJA

Tumfikirie mchukuzi mmoja tu wa Kipawa. Kwenda hospitali ya Amana au Muhimbili ni nauli, ni foleni, ni ujira wa siku nzima uliopotea. Kwa hiyo hakwenda. Siku moja mashine ikaletwa karibu na kazini kwake. Akashinda hofu, akapanga foleni, akavua shati, akasimama mbele ya bamba. Mashine ilikuwa imeinama nyuzi 5. Ncha za mapafu yake zikabaki nje. Kompyuta ikatoa alama njema, akaambiwa, “Nenda, u salama.” Akarudi katika chumba kimoja anacholala na mkewe na watoto watatu, na tangu siku hiyo kila akikohoa hujibu kwamba ameshapimwa.

Mtu huyo amefanya kila tulichomwomba. Sisi ndio tuliomkosea, nasi tulimkosea kwa kipimo kidogo ambacho timazi ya shilingi chache au kamera iliyopimwa vizuri ingekionyesha. Huu ndio uzito wa jambo hili, na ndiyo sababu hatukuona vibaya kuwashughulisha wasomaji wetu kwa habari za nyuzi na sentimita.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Katika habari hii wote watatu wamesimama pamoja. Umaskini humzuia mtu kwenda hospitali, maradhi humla kifua, na ujinga wa kutojali kipimo huweza kuibatilisha hata mashine iliyokuja kumwokoa.

Kwa hiyo twawashauri viongozi wa mitaa, wa matawi ya wafanyakazi na wa viwanda: mashine ya eksirei itakapoletwa kwenu, ipokeeni kwa furaha, kisha ulizeni maswali manne. Nani anaitumia, na amefundishwa wapi? Leseni yake ya mionzi iko wapi? Imejaribiwa lini tangu ihamishwe, na daftari la majaribio liko wapi? Majibu yetu atayaona nani? Anayefanya kazi yake kwa haki hataudhika kwa maswali hayo. Atafungua daftari na kuwaonyesha.

Katika uwanja wa ndege hakuna abiria anayeona ajabu mzigo wake kurudishwa upitishwe mara ya pili kwa sababu haukuonekana sawasawa. Mtu mwenye kuubeba mzigo huo hana thamani ndogo kuliko sanduku. Naye apigwe picha, na ipigwe sawasawa.